Taa Ndani ya Eda

Watu walimsifu Mwanamwema kwa namna alivyokuwa akimlilia mumewe. Wanawake wa pwani waliotawanyika Wheaton, Silver Spring na Landover walipigiana simu kuelezana kwamba mke wa marehemu Ghalib hali, hasemi, hata kichwa hakiinui kwenye mto; kwamba zama hizi, tena huku Marekani, mjane wa namna hiyo hapatikani. Wengine walimtoa kuwa mfano kwa wake wa watoto wao. Sifa hizo zilimfikia akiwa amelala kwenye godoro chumbani, amegeukia ukuta, akazisikia kama habari za mtu mwingine.

Ghalib alikufa mwishoni mwa Septemba 1986. Moyo ulimsimama akiwa kwenye foleni ya teksi mjini Washington. Tangu siku hiyo mkewe alihesabiwa eda: miezi minne na siku kumi za kukaa ndani, bila wanja, bila manukato, bila kuonwa na mwanamume asiye maharimu wake. Aliyeisimamia eda hiyo ni wifi yake, Mwatime, dada mkubwa wa marehemu, aliyekuja kila Jumamosi kutoka Landover na sufuria ya chakula. Mwatime alikuwa mwanamke wa kazi na wa amri, na mambo ya nusunusu hakuyapenda. Siku ya kwanza tu alichungulia dirishani, akaona jengo la jirani liko karibu kiasi kwamba mtu wa kule akinyoa ndevu unaliona povu. Akaagiza blanketi. Madirisha yote ya chumba cha eda yakazibwa kwa blanketi nzito za kijivu, zikapigiliwa misumari, na kioo kikafunikwa shuka.

Sasa, Mombasa chumba cha eda kina ua nyuma yake. Mjane hutoka uani asubuhi, akachambua mchele, akaota jua. Wheaton, ghorofa ya nne, ua uko wapi? Hilo Mwatime hakulifikiria, wala hakutokea wa kumkumbusha.

Kufika Desemba Mwanamwema alikuwa akilala saa kumi na nne kwa siku, na akiamka hujiona hajalala. Binti yake Time, wa miaka kumi na mitano, alirudi kutoka shule akamkuta palepale alipomwacha. Watu walisema hali kitu, lakini Time ndiye aliyenunua mikate na ndiye aliyejua inakokwenda. Mama yake aliila mikavu, kipande baada ya kipande, na sukari, gizani, kisha akaona haya na kuuficha mfuko chini ya godoro. Mjane anayesifiwa na kila mtu, na chini ya godoro lake makombo. Aibu hiyo ilimtafuna sana.

Jumamosi ya kwanza ya Januari, Mwatime alimaliza kuosha vyombo, akaja kuketi pembeni mwa godoro. Time alisimama mlangoni.

"Nimezungumza na Mombasa," Mwatime alisema. "Eda yaisha tarehe thelathini. Ukiwa bado u hivi, utarudi nyumbani kwa mama yako. Huku hakuna wa kukuuguza, wifi. Sote twafanya kazi."

"Na Time?"

"Time ana shule. Atakaa kwangu Landover mpaka amalize. Tiketi yako nishaiweka."

Mwanamwema alitaka kukataa. Aliyajua maneno ya kukataa, lakini aliyaona yako mbali na kuyafuata ni kazi. Alichosema ni "Haya." Time aliisikia ile haya, akaenda bafuni akajifungia.

Mwatime hakuwa katili. Ghalib ni mdogo wake aliyembeba mgongoni, na tangu azikwe hakuwa ametoa chozi mbele za watu. Aliona afadhali apike, asafishe, aendeshe gari kutoka Landover kwenda na kurudi, ili aliaye alie kwa nafasi. Alimwachia wifi yake kazi ya kulia kwa niaba ya wote, na alipoona kazi hiyo inamuua, akaingiwa na hofu. Hofu yake ilipotoka mdomoni ilitoka kama amri, kwa kuwa hakuwa na sauti nyingine.

Kesho yake, Jumapili, Honorata alibisha hodi akitoka kanisani, na sahani ya ndizi za kupika imefunikwa kitambaa. Alikuwa mwanamke wa Bukoba, jirani wa mlango wa tatu, mhudumu katika hospitali moja ya utafiti kule Bethesda. Safari zote alizokuja kutoa pole aliishia sebuleni. Siku hiyo Time alimpeleka mpaka chumbani, na hatua ya pili tu akajigonga goti kwenye kiti.

"Mama Time," alisema akisugua goti, "mnaonaje humu?"

Mwanamwema alibaki amegeukia ukuta. Honorata akamgeukia msichana, akamuuliza mama yake amekuwa hivi tangu lini, tangu msiba? Time alimjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake akiulizwa kwa Kiswahili. Alisema hapana. Alisema mama huwa hivi kila mwaka tangu wahamie huku. Majani yakianza kuanguka naye huanza kulala, na Machi huamka. Miezi hiyo baba ndiye aliyepika, akafua, akasaini karatasi za shule. Na baba alikuwa amemkataza kumwambia mtu yeyote. Alipofika hapo alikumbuka kwamba ameshasema, akajiziba mdomo kwa mkono.

Honorata aliweka sahani sakafuni. Alieleza kwamba hospitalini kwao kuna madaktari wanaowatibu watu wanaoanguka namna hiyo, kila baridi inapoingia na siku kuwa fupi. Huwakalisha asubuhi mbele ya taa kali sana, kwa muda wa saa mbili au tatu, basi, hawawapi hata kidonge. Yeye mwenyewe alipoona mara ya kwanza alicheka, akadhani wazungu wamekosa la kufanya. Mpaka alipomwona mama mmoja aliyeletwa akivutwa mkono, na baada ya wiki mbili mama huyohuyo akamgombeza kwa kupoteza kitana chake.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo Mwanamwema aligeuka kutoka ukutani.

"Kwa hivyo mimi sikumlilia mume wangu," alisema.

Honorata alilifikiria jambo hilo. "Sijui, Mama Time," alisema. "Mimi nabadilisha mashuka tu."

Jumatatu alimuuliza nesi mmoja kama jirani yake anaweza kupokewa. Nesi alisikitika. Mtu aliyefiwa karibuni hawamchukui kwenye utafiti, alisema, kwa sababu hawataweza kujua kipi ni ugonjwa na kipi ni msiba. Lakini alimchorea kwenye karatasi jinsi taa zenyewe zilivyo, na akaandika saa na umbali, na kwamba macho yasikodolewe kwenye taa muda wote ila yatupwe mara kwa mara. Honorata akaikunja karatasi, akampelekea mumewe.

Silvanus alikuwa fundi wa majengo ya ofisi mjini. Wakati huo jengo moja lilikuwa likibadilishwa dari, na zile taa ndefu za mirija, na vifuniko vyake vyeupe vya plastiki, zilikuwa zikitupwa kwa mamia. Aliomba mbili, akaruhusiwa. Kuzipata kulikuwa rahisi kuliko kuzifunga, maana mwenye taa yumo edani na fundi ni mwanamume, tena si ndugu wala si jamaa.

Ikabidi Mwanamwema aingie bafuni. Aliketi ukingoni mwa beseni la kuogea, mlango umefungwa, saa nzima na nusu, huku mtu asiyemjua akigongagonga nyundo chumbani kwake, akisogeza godoro lake. Aliomba Mungu mfuko wa mkate usionekane. Silvanus alikuwa mtu wa heshima. Godoro aliliinua, mfuko aliuona, akaurudisha bila kumwambia hata mkewe. Ila alipotaka kutoa maelekezo alipaza sauti kuelekea bafuni kana kwamba mjane ni kiziwi.

"Shemeji, utakaa hatua moja kutoka hapa, ukiitazama hivi. Binti ameona. Sasa nawasha."

Mwanga ukapita chini ya mlango, ukamfikia miguuni. Mwanamwema akaiona miguu yake, imepauka, kucha zimerefuka, na akashangaa kwamba hajaiona tangu Septemba. Silvanus aliuambia mlango pole sana kwa msiba, akaondoka na sanduku lake la vifaa.

Tangu hapo, kila alfajiri akishaswali, Mwanamwema alibaki juu ya mswala mbele ya zile taa, na tasbihi mkononi, mpaka saa mbili asubuhi. Siku za mwanzo alikaa kwa sababu Time alimwinua kwa nguvu na kumwegemeza kwenye mto. Msichana hakuwa na maneno mengi. Alileta bakuli lake la nafaka na maziwa, akala papo hapo, akafanya hesabu za shule kwenye mwanga ule mkali unaoonyesha kila chunusi. Alikuwa ameuona uso wa shangazi yake siku ile, na alijua siku zilizobaki ni ngapi.

Siku ya nne hakuna kitu. Siku ya sita Mwanamwema aliona kwamba jiko ni chafu. Halikuwa jambo kubwa, lakini kwa miezi mitatu jiko lilikuwa mahali palipo mbali, na uchafu wake haukumhusu. Siku ya nane alioga bila kuambiwa. Siku ya tisa alikata kucha, akaufukua mfuko wa mkate chini ya godoro na kuutupa kwenye pipa, na Time aliporudi akamkuta anachuja chai. Hawakukumbatiana. Time aliketi akanywa chai, akaomba nyingine, akaenda chumbani kwake akapiga muziki kwa sauti ambayo hakuthubutu kuiweka tangu baba yake afe.

Mwatime alikuwa amezuiwa na mafua Jumamosi moja. Jumamosi iliyofuata alikuja mapema, saa moja na nusu asubuhi, akafungua kwa ufunguo wake. Alisikia harufu ya mahamri, akaona mwanga mweupe umejaa chumba cha eda kama ukumbi wa harusi, na mjane ameketi katikati yake. Alisimama na sufuria yake mkononi.

"Ni nini hiki?"

Mwanamwema alieleza. Alieleza vizuri, kwa sauti iliyonyooka, na hilo ndilo lililomkera Mwatime zaidi. Juzi hukuweza kuinua kichwa, alimwambia, leo wapika mahamri. Ndugu yake hajatimiza miezi minne kaburini, na mkewe amewasha taa za ofisi na kuota kama mzungu ufukoni. Watu wakiuliza awaambie nini? Kwamba huzuni ya Ghalib imeponywa kwa glopu?

Maskini Mwanamwema. Akilala, mgonjwa, afungiwe safari. Akiinuka, hana huzuni. Aliomba apigiwe simu Mwalimu Abdulsamad.

Mwalimu Abdulsamad alikuwa mlinzi wa maktaba karibu na mtaa wa Shaw, Washington, na Jumapili alisomesha watoto Kurani katika ukumbi wa kukodi. Alisikiliza malalamiko ya Mwatime mpaka mwisho, kisha akauliza maswali matatu. Taa hiyo ina manukato? Haina. Anajipamba nayo? La. Wanaume wanamwona? La. Basi ni dawa, alisema Mwalimu, na mjane hakukatazwa dawa. Halafu akauliza swali la nne ambalo hakuna aliyelitarajia: hayo madirisha, nani aliwaambia eda ni kuzuia jua?

Mwatime alikata simu, akatoa taarifa ya yale maswali matatu tu. Lakini kabla ya kuondoka aliingia chumbani na nyundo, akang'oa misumari ya blanketi la dirisha moja, lile linaloelekea maegesho ya magari. Theluji ya nje ikang'aa ndani.

"Tarehe thelathini na moja watu watakuja," alisema akivaa koti. "Watakutazama, na mimi nitakutazama. Wakikuona umesimama, tiketi nairudisha. Wakikuona umevunjika tena, wifi, sitaki maneno. Utakwenda nyumbani, na mtoto namchukua."

Eda iliisha Ijumaa, lakini huku shughuli zote hungoja Jumamosi. Mwanamwema aliogeshwa, akavalishwa leso mpya alizoleta Mwatime, akafukizwa udi. Kioo kikafunuliwa. Wanawake tisa walikaa sebuleni, wakasoma dua, wakala mahamri. Walikuwa wamesikia habari mbili, kwamba mjane alikaribia kufa na kwamba ameponywa na taa, na walimkagua wapate kujua ipi ni ipi. Mmoja alimwambia amenenepa. Mwingine aliomba kuziona hizo taa, akaziona, akasema mbona za ofisini kwao ni hizihizi na yeye kila siku amechoka.

Mwanamwema alijibu, akatania, akamimina kahawa. Hakuwa akiigiza. Akili yake ilikuwa nyeupe na nyepesi, mwili ulimtii. Mwatime, kwenye kiti cha kona, alianza kulegea.

Ndipo bibi mmoja mnene wa Silver Spring akamkumbuka marehemu.

"Ghalib, Mungu amrehemu, alikuwa mwongo mtamu," alisema. "Mimi kila baridi napiga simu hapa. Namtaka Mwanamwema. 'Hayupo, yuko kazini, wamempa overtime.' Miaka sita! Nikasema huyu mwanamke ataja kufa na kazi za watu. Na huku nyuma nasikia sufuria, kwang'a, kwang'a. Namuuliza, Ghalib, nani apika? Aniambia ni redio."

Sebule nzima ilicheka. Mwatime alicheka mpaka akafuta macho.

Mwanamwema alikuwa amesimama na chupa ya kahawa mkononi. Miaka sita alilala chumba cha pili akidhani mumewe anamwonea haya. Alimsikia kwenye simu, sauti yake ya chini, maneno hayasikiki, akadhani anamsengenya kwa dada yake. Sasa alimwona, wazi, kwa kichwa ambacho hakikuwa na ukungu hata kidogo: simu ameibana begani, mwiko mkononi, suruali ya kazini bado hajaivua, anasema uongo ili mke wake asidharauliwe. Alisema uongo huo kila baridi. Hata mara moja hakudai ashukuriwe.

Huzuni ikamjia. Haikuwa ule uzito wa kulala na mikate. Hii ilikuwa na mwenyewe, ilimtaka Ghalib na si mtu mwingine, ilimtaka hapa na sasa hivi. Alitaka kuketi sakafuni apige ukunga, kama inavyompasa mwanamke aliyefiwa, na wanawake tisa walikuwepo wa kumshika. Miezi minne yote walikuja kwa ajili hiyo.

Kicheko kilipotulia, aliona macho ya Mwatime juu ya kikombe yanamtazama. Akamwona Time mlangoni na sinia, hapumui.

Mwanamwema akacheka. Alisema ni kweli, redio yenyewe ilikuwa ikiunguza wali. Wakacheka tena. Akaenda kummiminia bibi wa Silver Spring kahawa.

Kufika alasiri wote walikuwa wameondoka. Mwatime alimbusu kipaji cha uso, akamwambia Jumatatu atairudisha tiketi. Honorata alikuwa kwenye zamu hospitalini. Mwanamwema alisimama jikoni akitafuta mahali pa kulia, maana sasa alikuwa na ruhusa yake mwenyewe. Lakini ukuta wa jikoni ni mwembamba, na upande wa pili Time alikuwa mbele ya televisheni, miguu juu ya kochi, anacheka peke yake. Akimsikia mama yake analia atajua nini? Atadhani kwamba ugonjwa wa baridi umerudi. Mwanamwema akafungua bomba, akaosha vikombe, na alipovimaliza akaviosha tena.

Magharibi simu ililia. Ilikuwa Mwatime, kutoka Landover.

"Nimewapigia Mombasa," alisema. "Nimewaambia umepona, utabaki na mwanao. Mama yako amelia kwa furaha. Nimemwambia, Mwanamwema si yule, leo ametajiwa Ghalib mbele za watu akacheka. Nimemwambia ameshasahau." Mwatime alikuwa amekaa gizani na koti lake bado mwilini, na aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayetaka kuambiwa hapana. "Au nimesema uongo, wifi?"

Sebuleni Time alikuwa ameipunguza televisheni. Alikuwa amegeuka, anautazama uso wa mama yake.

"Hukusema uongo," Mwanamwema alisema. "Nishasahau."